Kuonewa, Kusingiziwa, Kuponzwa: Namna ya Kutumia "Undeservedly" Mahali Pake

Mzee mmoja alikuja darasani kwetu Majengo, hapa Mombasa, baada ya sala ya Isha, mfukoni mwa shati ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Kazi yake ni kutengeneza vyumba katika hoteli moja ya ufuoni, huku Pwani ya Kaskazini, na ameifanya miaka 11. Wiki ile saa ya mkononi ya mgeni ilipotea. Zamu ilikuwa yake, basi akasimamishwa kazi siku 14 bila mshahara, akaambiwa alete barua ya kujieleza, tena kwa Kiingereza. Barua aliyoileta ilianza hivi:

"I was undeserved suspended because of a watch."

Nikamwuliza, "Ami, hapa umetaka kusema nini hasa?"

"Nataka wajue kuwa wanionea, mwanangu. Saa sikuiba mimi, nimesingiziwa. Na jina langu, miaka yote hii, limeharibika bila ya kustahiki."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, na kila neno lilikaa mahali pake. Kuonewa ni jambo moja. Kusingiziwa ni jambo jingine. Jina kuharibika bila ya kustahiki ni la tatu. Kiingereza kina neno la kila moja ya hayo, lakini barua ilikuwa imeyabwaga yote matatu ndani ya neno moja, na neno lenyewe halikukamilika.

Tangu usiku ule, neno "undeservedly" ninalifundisha kwa kuanzia kwenye Kiswahili. Wanafunzi wengi hunijia wakiamini kuwa Kiingereza ndicho chenye maneno ya kupambanua mambo, na kwamba lugha yao ni ya nyumbani na sokoni tu. Katika jambo hili la mtu kupata asichokistahili, sisi tumejaliwa msamiati mpana na tunautumia tangu utotoni. Mtoto wa miaka saba pale Kisauni anajua vizuri lini aseme "umenionea" na lini aseme "umenisingizia". Kazi yako ni kuivusha tofauti hiyo mpaka ng'ambo bila kuimwaga njiani.

Hatua ya kwanza: jua ukoo wa neno

Mama wa ukoo huu ni kitenzi "deserve", yaani kustahili. Kiingereza kilikipokea kutoka Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kilikirithi kutoka Kilatini, "deservire", kutumikia vyema. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna mtu aliyetumika vizuri na anayengoja malipo yake. Letu la "stahiki" limetoka Kiarabu, kwenye shina lilelile lililotupa neno "haki". Mwanafunzi akishayashika hayo mawili, hasahau tena kwamba neno hili linauliza hivi: huyu alitenda nini, na amepata nini?

Sasa lijenge neno kipande kwa kipande, kama tunavyojenga kitenzi chetu kwa viambishi:

"deserve", kustahili
"deserved", kilichostahiliwa
"undeserved", kisichostahiliwa
"undeservedly", kwa namna isiyostahiliwa. Ndiyo bila kustahili, ndiyo isivyostahiki

Itazame ile "-w-" ya kustahiliwa. Hiyo ndiyo "-ed" ya Kiingereza. Jambo hili ni dogo kulitazama lakini linafungua mlango mkubwa, kwa sababu hapo ndipo "undeserved" inapoachana na "undeserving". "Undeserving" ni sifa ya mtu: yeye ndiye asiyestahili. "Undeserved" ni sifa ya kitu: adhabu, tuzo, cheo, lawama. Katika mazungumzo yetu tunasema "mtu asiyestahili tuzo" na pia "tuzo asiyoistahili", kitenzi kilekile bila "-w-", na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya watu waandike "an undeserved man" wakikusudia "an undeserving man". Mtu apewe "-ing", adhabu ipewe "-ed".

Kipande cha mwisho, "-ly", ndicho kinachogeuza kivumishi kuwa kielezi. Ami alikwama papo hapo. "Undeserved" ni kivumishi, kinatafuta nomino ya kuegemea: "an undeserved suspension". Yeye mbele yake aliweka kitenzi, "suspended", na kitenzi hutaka kielezi. Angeweza kuandika ama "an undeserved suspension" ama "undeservedly suspended", ikiwa kweli ndilo neno alilolitaka. Hilo tutalifikia.

Kuhusu tahajia, neno lina herufi 12 na ndani yake mna "e" tatu. Hesabu kila unapoandika, mpaka mkono uzoee. Wengine huruka ile "-ed-" wakaandika "undeservely", kosa linaloonekana mara moja na kusahihishwa. La hatari ni jingine: "underserved". Herufi moja tu, "r", imejipenyeza mwanzoni, na neno limekuwa jingine kabisa, tena halali. "Underserved" ni watu au eneo lisilofikiwa na huduma za kutosha: kijiji kisicho na zahanati, mtaa ambao maji ya mfereji yanatoka mara moja kwa wiki. Ripoti za miradi humu nchini zinalitumia sana, ndiyo maana macho yetu yamelizoea na mkono huliandika wenyewe. Ukiandika "an underserved punishment", kompyuta haitakupigia mstari mwekundu, kwa sababu haioni kosa. Hapo unajitegemea mwenyewe.

Hatua ya pili: litamke kabla hujaliandika

"Undeserved" ina silabi tatu. Ile "-ed" haisikiki peke yake; inamezwa mwishoni: an-di-ZEVD, na hiyo "e" ya mwisho ivute kidogo. Lakini ukiongeza "-ly", "-ed" inaamka na kuwa silabi kamili: an-di-ZE-vid-li. Silabi tano. Na ile "s" husikika kama "z" katika maneno yote mawili.

Shida yetu sisi ni shadda. Kiswahili huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu limelelewa hivyo tangu kuzaliwa, basi ulimi unakimbilia an-di-ze-VID-li. Rudisha shadda nyuma silabi moja, ikae kwenye ZE. Njia niliyoiona ikifaa ni kulisema pamoja na ndugu zake ambao umeshawasikia katika taarifa ya habari za mahakamani: "allegedly", a-LE-jid-li, kisha "supposedly", sa-PO-zid-li, kisha "undeservedly". Yote yana mdundo mmoja. Sema mara kumi ukitembea kutoka nyumbani hadi kituoni, na halitakutoka tena.

Hatua ya tatu: jiulize, ni jambo gani lililotokea?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ukikosea hatua hii, hata tahajia nzuri haitakuokoa, kwa sababu utakuwa umeandika Kiingereza safi kinachosema jambo ambalo hukukusudia.

Kabla ya kushika kalamu, lieleze jambo lako kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unavyomweleza jirani barazani. Kisha sikiliza kitenzi ulichokitumia.

Ukisema "wamenionea", neno lako ni "unfairly". Kuonewa ni mwenye nguvu kuinamisha mizani. Huenda hata kosa lilikuwepo, lakini njia iliyotumika haikuwa ya haki: hukusikilizwa, au wengine waliofanya lilelile wameachwa. Kiingereza cha sheria nacho kimelishika neno hilo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 45, inazungumza juu ya "unfair termination", na kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu na kumsikiliza kabla ya kumfuta kazi kwa utovu wa nidhamu, tena mfanyakazi akiwa na haki ya kusimama na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Hakuna mahali katika vifungu hivyo panaposema "undeserved". Kwa hiyo barua ya kazini inayolalamikia utaratibu, iandikwe kwa "unfair" na "unfairly". Afisa anayeisoma ataelewa mara moja unasimama wapi.

Ukisema "wamenisingizia", neno ni "falsely" au "wrongly". Swali hapa ni la kweli na uongo: jambo halikutokea, au lilitokea lakini si wewe. Ukiandika "I was undeservedly accused", msomaji makini wa Kiingereza atasita, kwa kuwa tuhuma huulizwa kwanza kama ni ya kweli. Na kuna ubaya zaidi: sentensi hiyo inaweza kusomeka kana kwamba ulitenda, ila kwa wema wako wa siku zilizopita hukustahili kushtakiwa. Mtu asiye na hatia hafai kuuacha mlango huo wazi hata kidogo. "I was wrongly accused." Basi.

Ukisema "nimeponzwa", acha kabisa kutafuta kielezi. Kuponzwa kuna kilichokuponza: rafiki, tamaa, ulimi. Kiingereza kinamtaja huyo mponzaji moja kwa moja: "My friend got me into trouble." Tena aliyeponzwa na mdomo wake mwenyewe hana haki ya kutumia "undeservedly", maana alichokipata alikitafuta.

Ukisema "wamezidisha", yaani kosa ulilikubali lakini adhabu imepita kiasi, "unduly" ndilo neno. Umechelewa dakika tano, umekatwa mshahara wa siku nzima. Huwezi kusema hukustahili chochote. Utasema "The deduction was unduly harsh." Wapo watakaoandika "undeservedly harsh" na hawatakosea, lakini "unduly" inakiri kosa lako dogo, na kukiri huko hukupa uzito mbele ya anayesoma.

Ukisema "amepata bwerere", simama ufikiri. Kilichopatikana bila jasho ni "unearned", na "unearned" haimlaumu mtu. Mwanamke aliyerithi nyumba ya babu yake kule Mji wa Kale na anapokea kodi ya pango kila mwezi ana kipato ambacho Kiingereza cha kodi na uchumi hukiita "unearned income". Ni jina la aina ya mapato tu. Kukiita "undeserved" ni kumhukumu, na huenda yeye ndiye aliyemuuguza babu yule miaka mingi. Vivyo hivyo bahati ya mtende: aliyeshinda bahati nasibu hakushinda "undeservedly", kwa sababu hapakuwa na kipimo cha sifa tangu mwanzo. Alishinda "by sheer luck".

Kinachobaki baada ya kuyaondoa hayo yote ndicho cha "undeservedly". Kuna jambo limempata mtu au kitu. Ni kweli limetokea. Kuna kipimo kinachojulikana cha nani anastahili nini. Na ukilinganisha alichotenda na alichopata, havilingani.

Nitatoa mfano wa maisha yangu. Nilipokuwa kidato cha pili, mmoja wetu alipiga mluzi mwalimu akiwa ubaoni. Hakujitaja, na hakuna aliyemtaja. Darasa zima lilipigishwa magoti juani, kwenye changarawe za uwanjani, mpaka kengele ya chakula cha mchana. Magoti yangu yalikuwa na vijishimo vya mawe hadi jioni. Samaki mmoja akioza huoza wote, ndivyo mwalimu alivyotuambia. Kwa Kiingereza ningeandika: "Thirty-nine of us were undeservedly punished." Adhabu ilikuwepo, hakuna uongo hapo. Aliyestahili alikuwa mmoja kati ya 40. Neno limekaa sawasawa. Ningeandika "unfairly punished" pia ningeeleweka, lakini jicho lingeenda kwa mwalimu na utaratibu wake. "Undeservedly" inalipeleka jicho kwetu sisi 39 tuliopiga magoti.

Kipimo cha haraka ninachowapa wanafunzi ni hiki: igeuze sentensi iwe na "did not deserve". "Thirty-nine of us did not deserve to be punished." Ikikubali na maana ikabaki ileile, kielezi chako kimepita. Jaribu na tuhuma: "I did not deserve to be accused." Unaona mara moja kwamba sentensi inalia juu ya heshima, na wewe ulitaka kusema hukuiba.

Hatua ya nne: liweke mahali pake

Kiswahili kinatuachia uhuru mkubwa wa kukisogeza kielezi. Alipewa bila kustahili zawadi ile. Alipewa zawadi ile bila kustahili. Bila kustahili, alipewa zawadi ile. Zote zinasikika. Kiingereza hakina ukarimu huo.

Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, katika kauli ya kutendwa: "She was undeservedly blamed." Visaidizi vikiwa viwili, kiweke baada ya cha pili: "The song has been undeservedly forgotten." Ukishika hilo peke yake, umeshaweza sentensi nyingi utakazozihitaji.

Pia hukaa mbele ya kivumishi: "an undeservedly low mark", "an undeservedly famous singer". Hapa kielezi kinakishika kivumishi, si nomino. Alama ipo, ila udogo wake ndio usiostahiliwa.

Kosa kubwa ni kukitia katikati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa: "He received undeservedly the prize." Hapana. Kitangulize: "He undeservedly received the prize." Au kiache mwisho: "He received the prize undeservedly." Mwishoni kinapendeza zaidi kikisindikizwa na "quite" na kutanguliwa na mkato: "He received the prize, quite undeservedly." Mkato huo ni kama kushusha sauti kidogo unapotoa hukumu yako.

Jihadhari pia na kauli ya kutenda. "The headmaster undeservedly praised the prefect." Nani hakustahili? Msomaji atakisia kuwa ni kiranja, lakini kielezi kimemkalia mwalimu mkuu. Igeuze iwe ya kutendwa, "The prefect was undeservedly praised", na shaka imeondoka.

Hatua ya tano: kumbuka kuwa neno lina pande mbili

Katika Kiswahili cha kila siku, "bila kustahili" husikika zaidi penye uchungu. Kwa hiyo wanafunzi wangu wakisoma "undeservedly" hudhani lazima mtu awe ameumizwa. La. Neno linapima tofauti tu kati ya kitendo na matokeo, na tofauti huweza kuelekea juu vilevile. Timu ya mtaani iliyozidiwa dakika 89, kisha ikapata bao la mpira uliomgonga beki mgongoni: "They won undeservedly." Ingawa watangazaji wa mpira wangependelea "They did not deserve to win", na mimi naungana nao, maana kwa mazungumzo kielezi hiki ni kizito. Ni cha maandishi zaidi: barua, insha, makala. Kikitokea mara moja ukurasa mzima, kinatosha.

Kinyume chake, "deservedly", hutumika mno kwenye michezo: "They were deservedly beaten", walifungwa kwa haki. Na kuna "not undeservedly", kukanusha mara mbili, maana yake "na kwa kweli wanastahili": "Mombasa is known, not undeservedly, for its biryani." Ni namna ya kusifu kwa staha. Inafaa sana katika maandishi ya kuwaelekeza wageni, na waongoza watalii wanaosoma nasi pale darasani wameipenda.

Sasa jaribu mwenyewe

Funika majibu, andika kwanza.

Mji wa Kale umesahauliwa isivyostahiki na wageni wanaokimbilia ufuoni. Hii ndiyo nyumba halisi ya neno letu: "The Old Town has been undeservedly neglected by visitors who hurry to the beach." Angalia nimetumia "neglected". "Undeservedly" hupatana sana na "neglected", "forgotten" na "obscure". Utazikuta pamoja mara kwa mara katika Kiingereza cha magazeti na vitabu, hasa kunapozungumzwa kazi nzuri iliyokosa wasomaji au mahali pazuri palipokosa wageni.

Mchezaji alipewa kadi nyekundu, na hakumgusa mtu. "He was wrongly sent off." Ukiandika "undeservedly" hutapunguziwa alama, ila kilichokosewa hapa ni tukio lenyewe, refa aliona lisilokuwepo. Anza na "wrongly".

Alipandishwa cheo bila kustahili, mjomba wake ndiye bosi. Wengi huandika "He was undeservedly promoted", na ni sahihi. Mimi ningeandika: "He did not deserve his promotion; his uncle is the boss." Kielezi kinatoa hukumu na kukaa kimya. Ushahidi wa mjomba ndio unaomshawishi msomaji, kwa hiyo upe ushahidi nafasi.

La mwisho ni sentensi ambayo kila mtu wa huku amewahi kuambiwa, akiwa Nairobi au akiwa kwao: watu wa pwani ni wavivu. Wanafunzi wangu hulijibu kwa "Coast people are undeservedly called lazy." Limepita, lakini kuitwa ni tuhuma, na tuhuma tumeona hujibiwa vipi. Hapa nomino ina nguvu kuliko kielezi: "Coast people have an undeserved reputation for laziness." Sifa imekuwa kitu kimoja kilichosimama, na sasa unaweza kukibomoa kwa sentensi zinazofuata: wavuvi wanaorudi alfajiri na ngalawa zao, makuli wa Kilindini wa zamu ya usiku, mama aliyeamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri ili wewe uyakute ya moto saa kumi na mbili. Andika hizo sentensi. Nimezikusanya kutoka kwa wanafunzi kwa muda mrefu, na kila darasa huongeza yake.

Hatua ya sita: rudi kwenye barua

Ami na mimi tulikaa na karatasi yake mpaka wenzake wote wakaondoka. Sikumwandikia. Nilimwuliza kwa Kiswahili, akajibu, kisha tukatafuta Kiingereza cha kila jibu. "Nimesingiziwa" ikatangulia, kwa kuwa bila hiyo mengine hayana msingi. "Wanionea" ikafuata, pamoja na sababu: alisimamishwa kabla hajasikilizwa. Jina likaja la mwisho. Nilimwuliza pia kama milango ya hoteli yao inafunguliwa kwa kadi. Akasema ndiyo. Kufuli za namna hiyo kwa kawaida huhifadhi kumbukumbu ya kadi iliyofungua na saa iliyofungua, basi tukaongeza ombi. Barua ikawa hivi:

"I have been wrongly accused of taking a guest's watch. I did not take it. I was suspended for 14 days without pay before anyone had heard my side, and I believe this is unfair. In 11 years I have never received a warning letter, and my good name has been undeservedly damaged. I ask that the record of the door lock be checked."

Sentensi tano, malalamiko matatu, kila moja na neno lake, na "undeservedly" imetokea mara moja tu, palipokuwa pake: jina kweli limeharibika, miaka 11 ndiyo kipimo, na viwili hivyo havilingani.

Nikamwambia aisome kwa sauti, kwa sababu mtu akiitwa ofisini huenda akaulizwa juu ya barua yake na lazima maneno yawe yake mdomoni pia. Alisoma vizuri mpaka akafika pale. An-di-ze-VID-li. Nikapiga meza kwa kidole, silabi ya tatu. Akarudia, ikawa VID tena. Mara ya tatu akafumba macho, akasema polepole, an-di-ZE-vid-li, akaendelea moja kwa moja hadi kwenye kufuli ya mlango bila kusimama. Akaikunja karatasi mpya, akaitia mfukoni, akaniaga, na kwenda kupanda matatu ya Mtwapa.